Barua ya Udongo kwenda Arash

Mama yangu alikaa kwangu Karatu miezi mitano, na miezi miwili ya mwanzo hakuiona sura yangu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliletwa kutoka Endulen na gari lililokuwa likishusha wagonjwa, shuka jekundu mabegani, fimbo mkononi. Mlangoni kwangu akapapasa kwanza fremu ya mlango, kisha uso wangu, kisha akasema, "Umekonda."

Sikuwa nimekonda. Nilikuwa nimenenepa tangu nianze kazi, lakini sikumbishia. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kiti cha mbao barazani, na pale ndipo alipokaa kila siku akisubiri zamu yake ya upasuaji, akisikiliza magari ya watalii yakipanda kwenda getini Ngorongoro na kuniuliza kila linapopita, "Hilo linaelekea nyumbani?"

"Ndiyo, Yeyo," ningemjibu. Kwetu sisi Wamasai, Yeyo ndiyo mama, na sikuwahi kumwita jina lingine.

Ninafundisha historia katika sekondari moja hapa mjini. Nyumba niliyopanga ina vyumba viwili, na nyuma yake kuna shamba la mzee mmoja Mwiraqw, mgane, aliyelima mahindi na mbaazi na kufyatua matofali ya kuchoma wakati wa kiangazi. Shimo lake la udongo lilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Udongo wa Karatu ni mwekundu, na wa shimo lile ulikuwa mlaini kama ugali wa ulezi.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la vyanzo vya historia, pale tunapofika kwenye maandishi. Kitabu cha wanafunzi kililipa nusu ukurasa tu, na picha zake zilikuwa zimefifia mpaka jiwe lilifanana na mkate. Lakini mimi nilikuwa na daftari langu la tangu chuoni. Kule maktaba palikuwa na kitabu kikubwa kilichochanika jalada, hakuna aliyekiazima isipokuwa mimi, na kwa mwaka mzima nilinakili alama zake kwa penseli: maandishi ya kikabari ya watu wa Sumeri waliogandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na michoro ya Wamisri, ndege na macho na mikono na maji. Nilikuwa msichana wa bweni, mbali na kwetu tangu darasa la kwanza. Sijui kwa nini alama za watu waliokwisha kufa maelfu ya miaka ziliniliwaza, ila ziliniliwaza.

Mwaka ule nikaamua wanafunzi wa kidato cha kwanza waandike kama Wasumeri walivyoandika. Nikamwomba mzee udongo.

"Chukua, Mwalimu," akasema. "Ila usiniambie ni mtihani. Udongo wangu haujasoma."

Watoto wakafinyanga vibao vya ukubwa wa kiganja, wakachonga matete waliyokata mtoni, wakaandika. Darasani hapakuwa na pa kuvianikia bila wenzao kuvikanyaga, kwa hiyo nilivibeba kwenye beseni mpaka nyumbani na kuvipanga barazani kivulini, mistari kwa mistari.

Wiki hiyo hiyo mama alifunguliwa bandeji za macho yote mawili. Tulirudi kutoka hospitali kwa bajaji. Nilitegemea atanitazama mimi, na kweli alinitazama, akacheka, akasema, "Kumbe umenenepa." Kisha akaviona vibao.

"Hizi chapati za udongo ni za nani?"

"Za wanafunzi wangu. Ni maandishi."

"Maandishi ya wapi?"

"Ya watu wa kale sana, Yeyo. Mbali, kati ya mito miwili. Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na udongo na matete tu."

Akainama taratibu, akaokota kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Kwa miaka mitatu hakuwa ameona kitu chenye ncha kali, kila kitu kwake kilikuwa ukungu. Alikigeuza kibao kile kama mtu anayechunguza ushanga kabla ya kuununua. Kulikuwa na duara, na ndani ya duara msalaba.

"Hapa wameandika nini?"

"Kondoo."

Akanitazama kama ninayemtania. "Hii si kondoo. Masikio yake yako wapi? Kondoo asiye na masikio utajuaje ni wa nani?"

Nikacheka, lakini nilijua anachosema. Nyumbani kila ukoo una namna yake ya kukata sikio la mnyama, na namna yake ya kumchoma kwa chuma. Baba yangu, marehemu, hakujua hata herufi moja, lakini angesimama juu ya kilima akatazama kundi lililochanganyika kisimani, na kuanzia pale akataja kila mnyama na mwenyewe, na mwenyewe alimpata kwa nani, na kwa sababu gani.

Nikachukua tete nikamchorea mama herufi A kwenye kibao kibichi, kisha nikakigeuza juu chini. "Angalia sasa. Unaona nini?"

Aliangalia kwa muda. "Pembe," akasema. "Kichwa cha ng'ombe."

"Ndiyo hiyo. Herufi ya kwanza kabisa tunayofundishwa shuleni, zamani ilikuwa kichwa cha ng'ombe. Na ya pili ilikuwa nyumba."

Mama akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha mbele, kibao mapajani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikaogopa kwa ajili ya macho mapya. "Ng'ombe na nyumba," akasema. "Na baba yako alikataa usiende shule kwa sababu, alisema, huko watakusahaulisha ng'ombe na nyumba."

Nilikuwa na umri wa miaka saba mama aliponitorosha kwenda shule. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe kufuata majani. Mama alinivalisha viatu vya binamu yangu, akanipeleka mpaka barabarani, akanikabidhi kwa katekista aliyekuwa akienda Karatu. Baba aliporudi hakusema naye kwa msimu mzima. Hadithi hiyo niliijua. Sikujua kama mama aliwahi kujuta, wala sikumwuliza siku ile.

Aliniuliza yeye. "Hao watu walipoandika kondoo, walikuwa wanamwandikia nani?"

"Yeyote anayezijua alama."

"Hata aliye mbali?"

"Hata aliye mbali."

"Hata asiyesikia?"

"Hata asiyesikia. Maandishi hayaingilii masikioni."

Akakirudisha kibao kwenye mstari wake. Jioni, tunachambua mbaazi, ndipo aliponieleza habari za Paker wake.

Huyo mwanamke nilikuwa nimelisikia jina lake maisha yangu yote, ingawa kwa kweli si jina. Watu wawili wakipeana kondoo, kwetu, wanaacha kuitana majina yao. Kila mmoja anamwita mwenzake Paker, yaani wewe tuliyepeana kondoo. Mama na huyo rafiki yake waliolewa msimu mmoja katika maboma jirani pale Endulen, wote wawili wageni, wote wawili wanalia kila asubuhi wakienda kisimani na punda. Mwaka wa kwanza mama alimpa kondoo jike. Mwaka uliofuata mwenzake akampa mama jike mwingine. Baadaye, mimi nikiwa nimekwenda shule na sura yake imenitoka, ukame ukaja, mume wa Paker akahamisha watu wake na wanyama wake kwenda Arash, upande wa Loliondo, na tangu hapo walionana mara mbili tu: kwenye tohara moja na kwenye msiba mmoja.

"Ana simu?" niliuliza.

"Mjukuu wake anayo. Nilimpigia kabla macho hayajafunga kabisa. Mjukuu akaniambia bibi hasikii tena, hata ukimpigia kelele sikioni. Akampa simu hivyo hivyo. Nikamsikia akipumua. Mimi nikasema, Paker, Paker. Yeye akapumua tu. Kisha simu ikakatika."

Alizifikicha mbaazi mkononi. "Mimi sikuwa naona na yeye hakuwa anasikia. Sasa mimi naona."

Nikamwambia nitamwandikia barua. Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtu mzima asiyefikiri. "Utaandika kwa herufi zako. Atasoma nani? Mjukuu. Mjukuu atamsomea vipi?"

Kumpeleka mwenyewe Arash pia haikuwezekana. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, na daktari alikuwa ametuambia safari ndefu asijaribu mpaka dawa za moyo zimtulie. Kutoka Karatu mpaka Arash ni kushuka Mto wa Mbu, kuzunguka na vumbi la bondeni, kupanda tena milima ya Wasonjo. Hata mzima anafika amevunjika mgongo.

Kesho yake niliporudi kutoka shule nilimkuta barazani na donge la udongo alilojichotea mwenyewe shimoni, na tete moja la wanafunzi. Alikuwa amekwisha kulisawazisha donge kwa kiganja, likawa kibao kipana kama sahani.

"Nionyeshe wanavyoshika," akasema.

Nikamwonyesha. Akajaribu, akaona tete linamchosha, akalitupa, akatumia kijiti cha kutogea masikio. Nilikaa pembeni nikijifanya nasahihisha madaftari. Alianza katikati kabisa ya kibao. Nilitaka kumwambia kwamba watu huanzia upande mmoja kwenda mwingine, lakini nikajizuia. Alimchora kondoo mwenye mkia mnene, na sikio la kushoto akalikata kipande kwa mbele, kama alivyokatwa yule jike wa kwanza. Juu akachora punda wawili wanashuka. Chini, nyumba mbili, moja pembeni huku na moja pembeni kule, na kati yao njia, na njia ile ikakatika katikati. Pembeni akachora mwanamke mwenye fimbo. Mwisho jicho moja kubwa, na chini ya jicho mstari.

"Jicho ni nini?" nilimwuliza.

"Ni jicho langu limefunguliwa. Huo mstari ni kitambaa kimeshuka."

Alikuwa na haraka. Nilimwambia kikauke kivulini, lakini nikiwa kazini alikitoa akakiweka juani, na mchana kikapasuka vipande vitatu. Nilimkuta ameviunganisha kwenye sakafu, ameviinamia. Siku ya pili akaanza upya.

Kibao cha pili kilifanana na cha kwanza, isipokuwa mwanamke hakuwa na fimbo.

"Fimbo umeisahau, Yeyo."

"Sijaisahau. Asije akafikiri nimezeeka."

Kilikauka kwa wiki tatu, chini ya kitanda changu, kimefunikwa gunia. Mzee alipopanga tanuri lake nilimpelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama sana. Yeye alikuwa akisali kwa Kiiraqw na kusoma Biblia kwa Kiswahili, na nadhani hakuwahi kuona barua isiyo na neno hata moja.

"Huyu kondoo namwelewa," akasema mwisho. "Hii njia iliyokatika pia naielewa." Akaipitishia kidole gumba. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. "Nitakiweka juu, mahali moto haugombani na kitu."

Tanuri likawaka siku nne. Mama alikuwa akitoka kila asubuhi kuutazama moshi. Siku ya kulibomoa, mzee alikuja mwenyewe mlangoni, majivu mpaka nyusi, amekibeba kibao kwenye kofia yake. Kilikuwa kimeiva, chekundu cha kuelekea machungwa, na ukikigonga kwa kucha kinalia kama kikombe.

Likizo ya Juni nikasafiri. Nilikifunga kibao kwa khanga mbili nikakipakata njia nzima, na kondakta aliyetaka kukiweka kwenye buti nilimkatalia kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wangeitambua. Tulipita Samunge jua likiwa limeanza kulala, watoto wakishusha mbuzi mlimani. Usiku ule nililala Wasso kwa mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye, asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Arash.

Nilimtambua kabla sijaambiwa. Mama alikuwa amesema ni mrefu na ana shingo kama ya mtu anayetazama mbali, na hivyo ndivyo alivyokuwa, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anashona ngozi. Nikainamisha kichwa mbele yake. Akaweka mkono wake juu ya utosi wangu, kama wakubwa wanavyomsalimia mtoto, na kunitazama bila kunijua. Mjukuu wake wa kike, binti aliyekuwa anasuka mlango wa zizi, alikuja kunieleza kwamba bibi hasikii. Nikamwambia najua. Nikafungua khanga.

Alikichukua kibao akakiweka magotini. Hakushangaa kwamba ni udongo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja katikati, kwenye sikio la kondoo, pale palipokatwa, kikabaki hapo.

"Paker!" akasema. Alisema kwa sauti kubwa sana, sauti ya mtu asiyejisikia, mpaka ndama wakageuka. "Paker! Paker!"

Akaendelea. Punda wawili: akacheka, akaonyesha mgongo wake mwenyewe na kusema kitu kuhusu asubuhi ile punda wa mama alipolala majini na maji yote. Nyumba mbili, njia iliyokatika: akatikisa kichwa. Mwanamke: akamtazama kwa karibu, akampitishia kidole kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Amesimama vizuri." Mimi nikashukuru moyoni kwa ile fimbo iliyoachwa.

Kisha akafika kwenye jicho. Aliushika ule mstari wa chini kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Analia," akasema. "Paker analia."

Nilitikisa mikono, hapana, hapana. Nikajigusa macho, nikayafumba, nikayafumbua, nikamwonyesha kwa vidole kitambaa kinachoshuka. Nilimwita binti anisaidie. Lakini kadiri nilivyozidi kuonyesha macho yangu ndivyo alivyozidi kuitika kwa huzuni, ndiyo, ndiyo, analia. Machozi yakaanza kumtoka yeye. Nikashusha mikono. Miaka yote niliyofundisha maandishi nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba udhaifu wa picha ni huu, kwamba haina sauti, na ndiyo sababu watu waliacha picha wakatafuta herufi. Siku ile nilitamani herufi moja tu ya kumpa, na sikuwa nayo.

Alijipangusa kwa shuka, akainuka, akanivuta mkono mpaka zizini. Pale ndani akanionyesha majike, mmoja baada ya mwingine, sita, saba, kila mmoja na sikio la kushoto limekatwa kwa mbele. Hakuwa amewachanganya na wa mumewe wala wa wanawe. Ni uzao wa yule kondoo wa mama, miaka yote ile. Akapiga magoti kwenye vumbi la zizi na kuanza kuchora kwa kidole: jike mkubwa, na nyuma yake majike wadogo wamefuatana, mpaka wakafika kwenye nyumba, nyumba moja sasa, na mlangoni wanawake wawili wameketi. Nikatoa simu nikapiga picha. Niliwahi, maana wana-kondoo walipita juu yake mara tu aliponyanyuka.

Kibao hakutaka kukiachia. Alikiingiza ndani ya nyumba na sikukiona tena.

Nilirudi Karatu na ile picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilimkuta mama ameketi barazani na mzee, mzee anamenya miwa, wanazungumza kila mtu na Kiswahili chake kibovu, wanaelewana. Mzee alituacha. Mama akaishika simu karibu na pua. Nikamkuzia picha kwa vidole, akaipitia kipande kwa kipande: jike, wadogo wake, nyumba.

"Anao bado," akasema.

"Saba. Nimewaona mwenyewe."

"Na hapa anasema nije tukae wote."

"Ndivyo nilivyoelewa na mimi."

Nikamweleza basi kuhusu jicho. Nilimweleza kwa uchungu, kama mtu aliyekosea kazi aliyotumwa: kwamba nilijaribu kumsahihisha nikashindwa, na kwamba Paker amebaki anaamini mwenzake analia. Mama alinirudishia simu. Alitazama upande wa msitu, kule ukungu unakokaa juu ya ukingo wa kreta na kuficha njia ya kwetu.

"Amesoma vizuri," akasema.

Sikumwelewa kwanza. Nilikuwa nimekaa naye miezi mitano nikidhani anachosubiri ni dawa, na kwamba maswali yake kuhusu magari ni ya mtu asiyeona. Nilimpikia, nilimnunulia godoro, nilimwambia majirani wazuri, hospitali iko karibu, kaa. Kumbe alikuwa amekaa kwa ajili yangu tu, na moyoni alikuwa akililia nyumbani. Wiki iliyofuata nikamrudisha Endulen. Tulipopita getini na gari likaanza kuzama ndani ya ukungu, alishusha kioo, akatoa mkono nje, akauacha hapo mpaka ukalowa.

Tulipanga kwamba mvua za vuli zikiisha, uvimbe wa miguu ukipungua, nitakodi gari tumpeleke Arash. Alikwisha kumchagua mwana-kondoo wa kwenda naye. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Zikiwa bado zinanyesha, asubuhi moja, kaka yangu alinipigia simu nikiwa nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi. Alisema tu, "Njoo." Nikaweka chaki mezani.

Baada ya kumzika nilirudi Karatu nikiwa nimenyolewa kichwa, kama kwetu wanavyofanya watoto wa aliyetangulia, na shanga zangu zote nimezivua. Simu ya yule mjukuu wa Arash haikupatikana, na hata ingepatikana, kuna maneno ambayo hupaswi kumpigia mtu mzima kwa simu. Nikachota udongo. Nilikaa barazani na donge mbele yangu na daftari langu la chuoni magotini, nikatafuta. Wamisri walimchora mtu ameanguka, damu inamtoka kichwani. Mama hakuanguka hivyo. Alilala ubavu, shuka limefunika miguu, kama anayesubiri chai. Nilichora nyumba mbili nikafuta moja. Nilichora kondoo peke yake. Nilichora njia. Kila nilichochora kilikuwa uongo au kilikuwa ukatili, nikakikanda tena kikawa donge. Mzee alipita na jembe, akasimama, akatazama udongo, akatazama kichwa changu.

"Mwalimu," akasema, "hii huwezi kuituma. Nenda mwenyewe."

Nilikwenda barabara zilipofunguka. Sikubeba chochote isipokuwa nguo na daftari. Nilipofika kwenye mlango wa boma, Paker alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amebeba kibuyu cha maziwa, uso umenielekea. Nilikuwa nimejifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya jua na barabara. Nikakivua ili nimsalimie.

Aliuona ule upara wangu. Nikamwona anatazama masikio yangu matupu, kisha mikono yangu, kama anatafuta kibao, kisha kichwa tena. Sikusogeza hata kidole. Aliweka kibuyu chini polepole sana, kisimwagike, akaketi palepale kwenye vumbi. Nikaenda nikaketi naye.

Nilikaa kwake siku nne. Siku ya kwanza hatukusema. Asubuhi ya pili, majani yakiwa bado na umande, alianza kuzungumza kwa ile sauti yake kubwa iliyojaza boma zima, na hakunyamaza mpaka ng'ombe walipotoka na jua kupanda. Alinieleza mama alivyokuwa bibi harusi: jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyomwogopa fisi kuliko simba, jinsi siku aliyonipeleka mimi barabarani alikuja kwake na kukaa mlangoni mpaka jioni, viatu vya zamani vya mtoto mapajani, akisema amefanya vizuri, amefanya vizuri, bila kuacha. Alitaja majina ya ng'ombe na ya visima. Alitaja jina la utotoni la mama, ambalo mimi sikuwahi kulisikia, na ambalo nadhani hakupaswa tena kulitaja, maana kwetu jina la aliyetangulia halitajwi.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, na kalamu pia, hatua tatu kutoka nilipoketi. Singeweza kumwambia asubiri kidogo nilichukue, asingesikia, na kama ningenyanyuka angedhani nimechoka na kunyamaza. Kwa hiyo nilibaki hapo hapo, mikono yangu ndani ya mikono yake, nikijitahidi kushika kila neno. Mengi yamekwisha kunitoka. Majina ya visima nimebaki na mawili, na ya ng'ombe moja tu, na ule wimbo alioniimbia ili nijue mama alivyoharibu mwisho wake, nimebaki na ule mwisho ulioharibika.